Skonzi ya Dada Icilda

Jumatatu, 7 Agosti

Nimepokonywa! Miaka ishirini na miwili natajia watu mistari katika kanisa letu la Kimoraviani. Vitabu havitoshi, wazee macho yamekwisha. Mimi nasoma mstari, wao wanauimba, nasoma mwingine. Leo Mchungaji Swaby kanifuata hadi shambani, nimeinamia viazi vikuu. Anasema Jumapili, kwenye Karamu ya Upendo, ibada yetu ya kula pamoja, askofu akiwa amekuja kutoka Kingston, mistari atataja Dada Icilda Ebanks. Eti nyimbo mimi naanza juu mno. Eti Mama Linette alipata kizunguzungu siku ya Pasaka. Kizunguzungu chake ni presha! Na Icilda mwenyewe kahamia juzi tu, miaka tisa iliyopita. Sikulala mchana.

Jumatano, 9 Agosti

Ibada ya maombi. Nilisimama kushuhudia, ili wakumbuke ni nani aliyeitwa na Mungu kwa kazi hii. Nilianza na kuzaliwa kwangu. Nilikuwa ndiyo kwanza nafika kipaimara, dakika ishirini tu, pambio likaanza benchi la nyuma. Kwetu ni ruhusa: ushuhuda ukirefuka, yeyote anaanzisha pambio, watu wanasimama na makofi, nawe huna budi kuimba nao hadi ukae. Nimewafanyia wengi. Lakini mimi! Na sauti ilikuwa ya Icilda! Nikapaza yangu. Wakapaza zao. Mwisho nikaimba nao, kwa uchungu.

Nje Mzee Cleveland akanipiga bega. Eti, "Ndugu yangu, tungekuacha, Krismasi ingetukuta humo humo."

Mpuuzi.

Jumamosi, 12 Agosti

Nimepata dawa yake. Mgawaji wa skonzi na kakao kesho ni mimi. Tunakula tukiwa mabenchini, kisha wimbo unafuata papo hapo. Skonzi ya Icilda nimeioka mwenyewe. Unga wa muhogo, bila hamira, bila siagi. Imekaa ndani ya oveni tangu asubuhi. Mke wangu Euphemia kauliza kama nachoma tofali. Nimemwambia ashike lake. Kasema huu wivu utaniumbua mbele za watu.

Kakao nitamfikishia mwisho. Birika nitalificha chumba cha mchungaji. Atasimama kutaja mstari, kinywa kimejaa saruji! Kimya! Askofu anaangaza macho huku na huku! Ndipo nitakaposimama mimi.

Jumapili, 13 Agosti

Nilisahau! Mimi, mzaliwa wa kanisa hili, nilisahau!

Kabla ya kula, aliyekosana na mwenzake humega skonzi yake, akampelekea nusu, wakala pamoja. Icilda aliinuka. Akapita mabenchi yote hadi kwangu. Alipojaribu kuimega ikagoma, akaigonga kwenye ukingo wa benchi. Akanipa kipande kikubwa. Akasema, kanisa zima likisikia: "Ndugu Theo, najua umenikasirikia. Nisamehe, kaka yangu." Askofu anatazama. Ningekataaje? Nikaingiza chote kinywani, yaishe. Hakikutafunika, hakikumezeka. Yeye alidonoa kidogo kama kuku.

Hapo Mchungaji Swaby akatangaza. Dada Icilda ameomba wimbo wa kwanza auanzishe Ndugu Theophilus Parchment, kwa heshima ya miaka yake ishirini na miwili. Watu wakasimama. Wote wananingoja mimi!

Nikafungua kinywa. Likatoka vumbi. Kikohozi kikanishika, na kakao iko chumba cha mchungaji. Kipande kikaruka hadi kwenye joho jeupe la askofu.

"Leo kaanza chini!" akapiga kelele Mama Linette, na kanisa likaangua kicheko.

Icilda akaudaka wimbo. Akaanza chini, taratibu. Wakaimba hadi vioo vya madirisha vikatetema, wazee kwa watoto. Haukuwahi kuimbwa vile nilipoanzisha mimi. Nilichukia kila ubeti.

Jumatatu, 14 Agosti

Icilda kaja na chai ya tangawizi ya koo langu. Anasema jana aliona nilivyosononeka, akaenda kwa mchungaji, amerudisha kazi. Kuanzia Jumapili ijayo mistari ni yangu, moja kwa moja. Mchungaji amekubali. Huko jikoni Euphemia akasema haleluya.

Nimekataa!

Nafasi yangu mwenyewe, nigawiwe na yule mwanamke kama nguo kuukuu? Nimemwambia abaki nayo. Aliniuliza mara tatu kama nimeelewa anachosema. Nimeelewa vizuri sana. Akaondoka anatikisa kichwa, na Euphemia hasemi nami tangu hapo.

Hajali kitu yule. Anadhani mimi ni wa kuhurumiwa. Nafasi ile atanyang'anywa, tena mbele ya watu. Ibada ya Mavuno ni Oktoba. Chai yake nimeinywa, koo limefunguka, na nimeshaanza kuchora mabenchi kwenye karatasi, nani akae wapi.