Kuhusu Tovuti Isiyofunguka na Dada Yangu Asiyependa Kungoja

Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Tovuti,
Umoja wa Watu wa Mtaa Wetu wa Zamani.

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na bado uko kikaoni.

Mimi ni yule fundi cherehani anayekaa kiti cha karibu na mlango. Huu ni mwaka wa tatu tunangoja tovuti ya kuorodhesha watu wa mtaa wetu, nani yuko wapi, tangu siku tulipotawanyika. Katibu anataka mfumo wa tayari, ambao mtu hujaza tu maneno na picha zake. Mkweo anataka kujenga wetu wenyewe kuanzia msingi. Kwa heshima zote, nalalamika:

1. Tulipoanza, watu wa kuorodheshwa walikuwa mia mbili na kumi. Leo tumebaki mia moja themanini na wanne. Kwa mwendo huu kazi itajimaliza yenyewe.

2. Mkweo amekwisha kujenga mlango, yaani ukurasa wa nywila. Ni imara mno. Mwezi uliopita ulimfungia nje yeye mwenyewe, akatuambia, "Wazee wangu, hiyo ndiyo dalili ya usalama." Tulipiga makofi. Nami nilipiga, na ninajuta.

3. Ikiwa kutumia cha tayari ni aibu, basi kikao kijacho kila anayeunga mkono ujenzi aje na kiti alichochonga mwenyewe, kwa mbao za mti alioupanda mwenyewe. Tutaahirisha mpaka miti ikue. Kuahirisha tunakujua.

4. Nasema haya mimi niliyewasuta wateja miaka arobaini kwa kuvaa nguo za dukani. Lakini aliye uchi haulizi nani kashona. Siku ile ya kutawanyika, dada yangu tuliachana njia panda, yeye na kapu, mimi na cherehani, na hatujaonana tena. Sasa ana miaka themanini na mmoja, na tangu utotoni akikuta foleni huondoka.

Kwa hiyo naomba mfumo wa tayari uwekwe kufikia Jumatatu.

Wasalimie wanakamati wote, wa upande wa Katibu, wa upande wa mkweo, na yule anayesinzia katikati.

Wako katika kungoja,
Fundi wa kiti cha mlangoni.

Baada ya sahihi: Nimepita kwa Katibu, akanionyesha huo mfumo wa tayari. Ni mzuri kweli. Panapoulizwa mtaa uliozaliwa, unachagua kwenye orodha. Tuliishuka orodha mpaka chini, tukaipanda tena. Mtaa wetu haumo. Katibu akasema, "Mzee, chagua ule wa jirani, si ni palepale tu?" Nilikaribia kuuchagua. Lakini dada yangu hatanitafuta huko.

Mwambie mkweo ajenge, ila mlango asiukaze sana. Mti wa kiti changu nimeshaupanda.