Kifungo Ndani ya Kiota

Jumatatu, 10 Februari

Barua imefika. Bahasha nene, muhuri mkubwa. Baraza la nidhamu la chama chetu cha mafundi dohani, sisi wasafisha mabomba ya moshi, linaniita Ijumaa, saa nne asubuhi, nikajieleze. Mimi! Bonifacy Krupka, fundi mkuu, mtoto wa fundi mkuu! Mtu ambaye akipita barabarani watu wazima wanashika vifungo vya makoti yao ili wapate bahati!

Kosa lenyewe: Mei mwaka jana nilitia saini kwamba nimekagua dohani la Mama Genowefa Pytel, mjane wa Mtaa wa Kanisani, na kwamba halina kizuizi. Kumbe ndani mlikuwa na kiota cha kunguru, kikubwa kama kikapu cha nguo chafu. Sikupanda. Nakiri hapa kwa sababu daftari halina mdomo. Siku ile kulikuwa na joto, na ngazi ilikuwa mbali. Hatua thelathini nzima!

Jiko la vigae la sebuleni kwake huwashwa mara moja kwa mwaka, Januari tatu, sikukuu ya mtakatifu wa jina lake. Mwaka huu akaliwasha, moshi ukajaa nyumba. Wageni kumi na wanne wakatoka mbio na sahani zao za samaki wa siki, wakamalizia karamu kwenye theluji. Hakuna aliyekufa. Sasa kelele za nini?

Nikipatikana na hatia, nakatwa vifungo vya koti. Si koti hivi hivi. Ni koti jeusi la marehemu baba, alilivaa miaka arobaini, na vifungo vinane vya dhahabu kifuani. Bila vifungo si fundi mkuu tena, ni mtu tu mwenye masizi. Nimelitazama likining'inia ukutani nikalia kidogo.

Lakini nitashinda. Akili ninazo.

Jumanne, 11 Februari

Mpango wa kwanza: kumlainisha mjane. Nimempelekea keki ya mbegu za popi, kubwa. Alipofungua mlango akashika kifungo chake kwa mazoea, kisha akanitambua, akakiachia kama kimemchoma.

Akanikalisha mbele ya picha ya marehemu mumewe. Akaniuliza naona nini. Nikasema namwona bwana mmoja wa heshima, mwenye ndevu. Akasema mume wake hakuwahi kufuga ndevu maisha yake yote, hizo ni masizi ya Januari.

Nikamwomba afute malalamiko. Akasema, “Bwana Krupka, dada yangu ana miaka themanini na tatu. Amenywa chai yake barabarani, amejifunika zulia langu. Nifute nini?” Keki akaichukua. Malalamiko hakufuta. Mwanamke hana haya!

Jumatano, 12 Februari

Mpango wa pili, nao ni moto wa kuotea mbali. Nikithibitisha kwamba Mei nilikuwa juu ya paa, kesi imekwisha. Ushahidi upi? Kiota! Anacho Ewaryst Gwizdoń, yule kimbelembele aliyekitoa Januari. Ni fundi mwenzangu, anapanda kila paa analoandika. Nani kamwomba?

Nimekata kifungo kimoja cha koti langu. Kizuri, kinang'aa hadi unajiona uso. Nikaenda karakanani kwake kujifanya naazima brashi. Akaniuliza kama yangu imeliwa na nondo kwa kukaa ukutani. Nikacheka. Ndani nilikuwa nachemka. Alipogeuka kunitafutia brashi, nikafungua boksi lililoandikwa “Kielelezo”, nikakisukuma kifungo katikati ya vijiti. Sekunde tatu! Hata mwizi wa kuku hanifikii.

Ndege hupenda vitu vinavyong'aa, kila mtu anajua. Kifungo kilidondoka nilipokuwa nakagua, kunguru wakakiokota. Nani atabisha?

Ijumaa, 14 Februari

Sitaki kuyaandika haya. Naandika hivyo hivyo.

Nimeingia na koti la baba, vifungo saba na pengo moja. Nilitegemea wazee watatu wa baraza waniangalie, washike vifungo vyao, mioyo ilainike. Hakuna aliyeshika. Wote ni mafundi dohani! Hilo sikulifikiria. Aliyeshika ni mmoja tu, Mama Genowefa, tena kwa mikono miwili.

Akatoa ushahidi wake. Akaileta na picha ya mumewe. Mwenyekiti, Mzee Hieronim Wuwer, akavua kofia mbele ya picha, nikajua mambo si mazuri.

Gwizdoń akaweka boksi mezani. Hapo nikasimama kwa madaha, nikaomba baraza lipekue kiota. Mzee Wuwer akaingiza vidole, akapapasa, akatoa kifungo. Ukumbi ukanong'ona! Nikaonyesha pengo kifuani. Nikasema waheshimiwa, mnaona wenyewe, nilikuwepo!

Mzee Wuwer akauliza taratibu: kwa hiyo kiota ulikiona?

Swali hilo halikuwa kwenye mpango. Lakini mimi sikwami. Nikasema nilikiona, ndiyo, na nikakiacha kwa makusudi, kwa sababu sheria ya mazingira inakataza kuvuruga ndege wakati wa kuzaa. Nikasema mimi ni mpenzi wa viumbe. Nikaeleza makinda yalivyonitazama kwa macho yao madogo. Sauti ikanikatika, na nusu yake haikuwa ya kuigiza. Mama Genowefa akadakia, “Makinda yapate pa kulala, mimi na dada yangu tukaange mapafu?” Akaambiwa zamu yake imepita.

Mzee Wuwer akasoma hati yangu kwa sauti. Dohani halina kizuizi. Akauliza: yaani ulijua limeziba, ukaandika halijaziba?

Nimeingia kwa uzembe, natoka kwa udanganyifu. Nimejichongea mwenyewe, kwa mdomo wangu mwenyewe!

Ningeketi hapo, labda ningepona nusu. Nikasema lakini kifungo hakidanganyi. Mzee Wuwer akakigeuza. Akaazima miwani ya mwenzake. Akasema kifungo hiki kina nembo mpya, chama kimeigawa Novemba badala ya vifungo vya zamani, na yeye mwenyewe ndiye aliyenikabidhi vifungo vinane, tukapeana mikono. Kiota ni cha Mei. Akauliza hawa kunguru walikuwa na kadi ya uanachama?

Hata karani alicheka. Gwizdoń alilala juu ya meza.

Hukumu hapo hapo. Miezi sita bila ufundi mkuu. Nipande mapaa arobaini chini ya Gwizdoń, kila paa liandikwe kwenye kitabu. Kitabu kikijaa, naweza kurudishiwa vifungo mapema. Uongo mmoja zaidi, sirudishiwi kamwe. Kisha karani akaleta mkasi. Akavikata kimoja kimoja, nimesimama. Vilikuwa saba, vikaanguka kwenye sahani ya chai. Nilimwonea baba haya.

Jumamosi, 15 Februari

Nimeandika rufaa. Hoja: kiota sikukiona kabisa, kwa kuwa sikupanda. Nimeisoma mara mbili. Nimeichoma jikoni.

Alhamisi, 27 Februari

Leo ni Alhamisi ya Mafuta, mji mzima unakula maandazi ya jemu kabla ya mfungo wa Kwaresima. Mpaka jana nimepanda mapaa manne. Magoti hayana hamu na mimi. Asubuhi Gwizdoń ameamka na homa. Amenipa kitabu mlangoni, amejifunika blanketi, akasema, “Fundi Krupka, nakuamini. Usiniangushe, na usijiangushe.” Karibu nimpe mkono wa dhati.

Niko kwenye duka la mikate, Mtaa wa Kanisani, meza ya dirishani. Mapaa yote ya mtaa nayaona kutoka hapa. Na kukagua ni nini kama si kutazama kwa macho? Kufika andazi la tano nilikuwa nimemaliza upande wa kushoto. La tisa, wa kulia. Mapaa thelathini na sita kwa asubuhi moja! Tarehe zote za leo, ili waone bidii. Kesho mapema nawapelekea wazee wa baraza kitabu, na koti nimelipiga pasi tayari.

La Mama Genowefa nimeliacha la mwisho, kwa heshima yake. Juu ya dohani lake kuna kunguru wawili wanabeba vijiti, wanaingia, wanatoka, kazi kweli kweli. Sheria inakataza kuwasumbua.

Nimeandika: halina kizuizi.

Yeye mwenyewe amepita sasa hivi na kikapu. Ameniona kupitia kioo cha dirisha, akatazama kitabu, akatazama kunguru juu ya dohani lake, akashika kifungo chake, akatabasamu. Nimemvulia kofia.