Hita ya Mama Mkwe na Mpira Mwembamba

Jumatatu, 16 Juni 2025

Hita imefika! Imevuka mpaka kutoka Nakonde, upande wa Zambia, juu ya baiskeli, imefunikwa blanketi kama mgonjwa. Ni hita ya maji ya gesi, kubwa, nyeupe. Ukifungua maji bafuni inawaka yenyewe. Mwezi huu Tunduma nzima inaoga ikitetemeka. Isipokuwa mimi, kuanzia kesho.

Sababu ni mama mkwe. Baridi ya kwake Igamba imemwingia miguuni, na ameambiwa aoge maji ya moto asubuhi na jioni. Atakaa kwa binti mmoja hadi Septemba. Ama kwetu, kwa Restuta wangu, ama Vwawa kwa dada yake, mke wa Isaka. Restuta hajakaa na mama yake tangu tuoane. Anamtaka mno. Na mimi namtaka, hasa kwa kuwa Isaka anamtaka.

Isaka ana kuni na sufuria. Maskini Isaka.

Jumanne, 17 Juni

Fundi Deus kaja kufunga hita. Akautazama mpira wa gesi unaotoka kwenye mtungi nje kuja jikoni, akatikisa kichwa. Eti jiko linakunywa kama kuku, lakini hita hii inakunywa kama ng'ombe wa Momba. Mpira huo hauwezi kuwanywesha wote wawili. Eti hita ipate bomba lake, nene, moja kwa moja kutoka kwenye mtungi.

Nilimuuliza fizikia alisoma hadi kidato gani. Akainamia mkoba wake wa vifaa. Mimi nakumbuka vizuri: gesi hujaza chombo chochote inamowekwa. Basi na mpira mwembamba itaujaza! Hoja imekwisha. Nikamwamuru aunganishe hita kwenye mpira uleule.

Akaunganisha, akasema sawa, mwalimu. Mimi si mwalimu. Lakini heshima haikataliwi.

Alhamisi, 19 Juni

Mama amefika. Asubuhi maji yalikuwa moto kabisa! Nilimpigia Isaka kumsalimia tu, na katika salamu nikagusia mvuke. Akanijibu kwamba mama hali mvuke. Wivu.

Jioni, dosari ndogo. Restuta alipowasha jiko, maji ya bafuni yalipoa. Mama alikuwa na sabuni usoni. Kwa adabu zetu, mama mkwe hawezi kumwita mkwe wake akiwa bafuni, na mkwe hausogelei mlango ule hata nyumba ikiungua. Restuta alikuwa anasikiliza redio. Mama akamalizia na maji baridi.

Dawa nimeipata. Maji yakipoa, mama aimbe. Restuta akisikia wimbo, azime jiko. Hakuna kuitana, hakuna adabu iliyovunjwa! Restuta akauliza, baba Faith, kwa nini tusinunue tu lile bomba? Nikamwambia awe na subira na akili kubwa.

Jumamosi, 21 Juni

Nilimwalika Isaka kwa chakula cha jioni, ashuhudie kwa macho yake. Nilisahau jambo moja. Mama ni sauti ya kwanza kwenye kwaya ya akina mama, na akifurahi huimba.

Maji ya moto yakamfurahisha. Akaimba. Restuta akazima jiko. Maji yakazidi kuwa moto, mama akaingia ubeti wa pili. Wa tatu. Maharage yakalala kwenye maji ya uvuguvugu. Mwishowe Restuta akachoka, akawasha jiko akaacha wimbo uendelee. Maji yakapoa. Sasa mama akaimba kweli, kwa nguvu zote alizojaliwa. Isaka akasifu sauti, na pale sebuleni akaongeza besi!

Mama alitoka meno yakigongana. Akakaa mezani, akatafuna harage moja, akasema hata kokoto za Mkwajuni zina huruma. Kisha akatangaza kwamba Jumanne ataondoka na Isaka. Isaka akaongeza kuwa kuni zake haziimbiwi.

Restuta ameosha vyombo mara mbili, vilivyo safi. Hakuniangalia.

Jumatatu, 23 Juni

Nimeshinda Nakonde kumtafutia mama kitenge cha kumlainisha. Muuzaji aliniita mulamu, yaani shemeji kwa Kibemba, kisha akaniuzia kama mgeni.

Nimerudi jioni. Ajabu! Jiko linawaka, nyama inachemka, mama anaoga, anaimba, na maji ni moto! Nimeelewa mara moja. Mpira umezoea. Ulihitaji siku chache tu, kama kiatu kipya. Bado unaning'inia palepale, mwembamba, mwaminifu.

Karibu na lango nilipishana na Deus, mkoba wa vifaa begani. Alinisalimia kwa unyenyekevu mkubwa. Amejifunza.

Restuta naye si haba. Ameweka bomba la shaba la kuanikia nguo, nene, linaingilia dirishani, linafuata ukuta mpaka nyuma ya hita. Nimemsifu na nikaanika soksi zangu. Alicheka mpaka akakaa chini. Ni furaha ya kuwa na mama yake.

Jumanne, 24 Juni

Isaka alikuja na gari kumchukua mama. Mama alikuwa anaoga. Alituma jibu kupitia Restuta kwamba haondoki hadi Septemba, na Isaka awasalimie kuni. Restuta alimkumbatia dada yake kwenye simu, kama hilo linawezekana.

Isaka aliniuliza kama nilibadilisha bomba. Kamwe! Nilimwonyesha mpira. Nimemshauri anunue hita kama yangu na mpira mwembamba kuliko huu, ili gesi ipate kasi. Aliondoka mdogo kabisa.

Mama ana ombi moja tu. Pazia la bafu halina fimbo. Nimepima kila kitu, na bomba la kuanikia nguo lina urefu wa ziada. Msumeno wa chuma nimeazima. Kesho asubuhi Restuta atakuwa sokoni. Mama akiingia tu kuoga, nitakata kipande cha mkono mmoja, akitoka aikute fimbo yake tayari mlangoni.