Tangi la Maabara Lahamia Sebuleni

Jumatatu, 4 Machi

Hili sijamwambia mtu. Shule niliichukia tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, na sasa nimemaliza, naililia. Kimyakimya. Bafuni, bomba likiwa wazi.

Siyo masomo. Ni tangi la samaki la maabara. Wenzangu wakitoka mapumziko kupiga soga, mimi nilibaki kulisafisha. Halikuwa chafu! Ila ukishika kitambaa, hakuna anayekuuliza mbona uko peke yako.

Leo mwalimu wa biolojia kaniita. Maabara inageuzwa stoo ya viti vibovu. Akanikabidhi tangi tupu na samaki wawili kwenye mfuko: Mwalimu Mkuu, mwenye kitambi, na Makamu, anayemfuata kila aendako.

Mama hakufurahi. Amenipa hadi mwisho wa mwezi. Tangi lisipopendeza, samaki wanahamia kwa daktari wa meno, jirani yetu, mwenye tangi kubwa katika chumba cha kusubiria wagonjwa. Lina mimea ya plastiki! Ya rangi ya waridi! Mwalimu Mkuu hawezi kuzeekea mahali kama hapo.

Nitalipanda upya, jani kwa jani, liwe kama la maabara.

Jumatano, 6 Machi

Duka la samaki. Nilipita mlangoni nikaenda, nikarudi, nikapita tena. Aibu tupu. Mwishowe muuzaji, dada mwenye glavu za mpira hadi viwikoni, akanifungulia mwenyewe.

Akauliza kama nimewahi kutunza mimea ya majini. Nikasema ndiyo. Hakuniamini. Akasema anayeanza achukue mimea isiyodeka. Kwanza kangaga: haifukiwi, inafungwa kwenye jiwe kwa uzi, unaiacha. Halafu zile nyasi ndefu kama utepe: unazichomeka kwenye changarawe, unaziacha. Mwanga mdogo unatosha. Alisema "unaziacha" mara nyingi mno. Nadhani ndivyo anavyoongea.

Nikachukua zote. Kisha nikauona mmea mwekundu. Ule ule wa maabara! Ulikaa kona ya dirishani, jua likiupitia hadi ukurasa wa daftari langu unapata wekundu kidogo. Muuzaji akaonya kwamba huo unataka taa kali, mbolea na moyo wa kulea. Moyo ninao. Nikaununua.

Ijumaa, 8 Machi

Nyasi hazikui. Zinafupika!

Na si kwamba nimezembea. Kidato cha pili, somo la maharagwe, tulifundishwa kazi: kila asubuhi unang'oa mche, unapima mzizi kwa rula, unaurudisha. Nilipata alama za juu kuliko darasa zima. (Maharagwe yalikufa, lakini alama ni alama.) Basi nang'oa kila asubuhi, napima, narudisha. Leo nimekuta zote zinaelea, Makamu kajificha chini yake.

Kaka akapita, akatazama. "Profesa, hiyo supu ya majani inaiva lini?" Anaitaka meza ya tangi aweke spika zake. Nikamjibu vikali sana. Kimoyomoyo.

Kangaga sijaipima. Nilikaza uzi vibaya, haung'oki jiweni. Inanikera.

Mmea mwekundu unaanza kuwa kahawia. Shida ni mwanga! Nimesukuma meza hadi dirishani, penye jua kali.

Jumapili, 10 Machi

Maji yamegeuka kijani. Mwalimu Mkuu haonekani, isipokuwa kitambi kinapogusa kioo. Mama kataja neno "meno" wakati tunakunywa chai.

Halafu simu. Mama mdogo kajifungua! Niende kumsaidia hadi mwisho wa mwezi. Nikasema, kwa sauti ndogo, kwamba nyasi zangu zina hali mbaya. Mama akauliza kama nyasi nazo zinalia usiku. Nikafunga begi.

Sasa hivi ninaandika nimevaa viatu. Nimechomeka nyasi harakaharaka, bila hata kupima! Mama kabadilisha nusu ya maji na kurudisha meza ukutani, eti naharibu mapazia. Samaki watalishwa na kaka. Kwisha habari yetu.

Jumatano, 20 Machi

Kwa mama mdogo. Nepi, nepi, nepi.

Leo nikisuuza, mkono umo ndani ya maji baridi, nikaisikia kichwani pampu ya maabara. Ilikuwa ikikoroma kama mlinzi aliyeegemea geti. Nikakumbuka harufu ya chaki na spiriti, na stuli yangu yenye mguu mfupi. Nilidhani nilikuwa mpweke pale. Kumbe nilikuwa na mahali.

Mama mdogo akauliza ninalia nini. Nikasema sabuni.

Jumamosi, 30 Machi

Nimeingia mbio, begi mgongoni. Jamani!

Maji hayaonekani kwa usafi. Nyasi zimesimama wima na zimezaa watoto pembeni. Kangaga ina majani mapya yaliyojikunja kama ngumi za mtoto mchanga. Mmea mwekundu ni marehemu, lakini mama keshauondoa.

Mama alikuwa amekaa mbele ya tangi, chai imepoa mkononi. Akasema hajakaa kimya namna hii tangu tulipokuwa wadogo, tukisinzia mapajani mwake. Kisha akasema samaki wanabaki. Nilimkumbatia hadi chai ikamwagika.

Nikambana kaka: amefanya nini? Akaapa hakufanya kitu. Alikuwa anatupa chakula na kuondoka. Mkono wake auingize humo? Mwalimu Mkuu anavyomtazama? Thubutu!

Basi iko wazi. Kule kung'olewa kila asubuhi kulikuwa mazoezi. Nguvu zilichelewa tu kujitokeza.

Jioni daktari wa meno akaja kumsalimia mama, akaduwaa mbele ya kioo. Akaniuliza, kwa heshima kabisa, kama naweza kung'oa plastiki yake na kumpandia mimea hai. Wagonjwa wake wana hofu, alisema. Wanahitaji kitu cha kutazama ili wasisemeshwe. Niliwaelewa wagonjwa hao kuliko anavyodhani. Nikakubali. Kwa sauti!

Naanza Jumatatu. Nitafika kila asubuhi, na rula ndefu zaidi, maana tangi lake lina kina.

Aliuliza nina uzoefu gani. Nikamwambia miaka minne, na hakuna mmea uliowahi kunifia. Wewe unayesoma hapa, tafadhali sana, hilo usimwambie mtu.