Kiu ya Nyanya za Shambani

Jumatatu, 3 Machi

Makomredi! (Najua hii ni shajara na hasomi mtu. Historia itasoma.)

Leo nimeanza utafiti wa mwaka wa mwisho. Upande mmoja wa meza, nyanya mwitu: ndogo, zenye manyoya, hazimwogopi mtu. Upande wa pili, nyanya za shambani: nene, laini, zimelelewa kwa kubembelezwa vizazi na vizazi ili zizae matunda makubwa. Nitazinyima maji zote, kisha maabara itapima ni jeni zipi zinazowaka majani yakionja kiu.

Dokta, msimamizi wangu, ameonya nisikimbilie hitimisho. Anasema jeni za kukabili dhiki zimo katika pande zote mbili. Kinachotofautiana ni swichi. Nyanya mwitu huwasha mapema, hufunga vitundu vya majani na kukubali kudumaa. Ya shambani huchelewa, kwa kuwa mkulima alichagua iliyokua haraka, bila kujua kwamba alikuwa akichagua na swichi zake.

Huchelewa? Imenyamazishwa! Kabisa! Kichwa cha utafiti nimekwisha kukiandika: “Ukimya wa Kulazimishwa”. Dokta akasema kichwa huja baada ya matokeo. Akaongeza kwamba nisipokuwa na matokeo, nitarudia mwaka. Mama amekwisha kushona nguo ya mahafali. Alipiga simu kuuliza kama maua ya mgongoni yamezidi.

Jumatano, 5 Machi

Nimekata maji. Utawala nao umekata ukumbi: vikao vyetu vya harakati ya wanafunzi kuhusu mabomba makavu ya mabweni vimepigwa marufuku humo. Vizuri! Nimehamishia harakati katika banda la kioo la kuoteshea mimea, mbele ya meza yangu. Mazingira yanafundisha.

Jirani yangu humo ndani ni binti tunayemwita Utaratibu, mwenye maharage yake na kijiti cha kupimia unyevu wa udongo. Akauliza tangu lini mkutano wa hadhara ukafanyika kwenye jaribio la watu. Nikamjibu kwamba hata maharage yanahitaji kuamshwa. Akasema yake yanahitaji kimya na mlango uliofungwa. Mrasimu wa kuzaliwa!

Alhamisi, 6 Machi

Kikao kimefana! Wamejaa hadi mlangoni, kila mmoja na chupa yake ya maji, maana bwenini hakuna tone. Nikainua chungu cha nyanya ya shambani. Nikasema: mtazameni huyu mateka! Amenyang'anywa sauti! Ana kiu na hawezi hata kuilalamikia!

Mhazini wetu, jitu la miraba minne, alilia waziwazi.

Mwishoni sikuwaona vizuri, nilikuwa nikipongezwa. Lakini walitoka polepole, mmoja mmoja, wakiinama kwenye vyungu vya mateka kama wanaoaga. Nidhamu ya ajabu. Zile mwitu hawakuziinamia. Nilimsikia mmoja akisema hizo zinajiweza.

Jumatatu, 10 Machi

Maajabu! Nyanya mwitu zimejikunja majani, zimesimama kukua. Za shambani zinang'aa kama zimepakwa mafuta. Hazijui hata kwamba kuna ukame! Ganzi ya utumwa!

Utaratibu akaniambia, “Komredi, gusa udongo wako basi.” Nikamjibu kwamba nadharia haiguswi kwa kidole. Akasema udongo ungeguswa ungenijibu vizuri kuliko nadharia. Namshuku. Alinishinda uwakilishi wa darasa kwa hotuba ya sentensi mbili, na sasa anataka kunivuruga.

Nimeitisha kikao cha dharura kulaani hujuma. Nimewaeleza upya mateso ya mateka. Mhazini alilia tena.

Ijumaa, 14 Machi

Majibu ya maabara! Katika nyanya mwitu jeni za dhiki zimewaka zote. Katika za shambani: kimya. Si kuchelewa, kimya! Nimempigia Mama kumwambia maua hayajazidi. Aongeze.

Jumatano, 19 Machi

Siku ya kuwasilisha. Makomredi walijaza viti vya nyuma. Nikatangaza kwamba swichi imeng'olewa ukutani! Makofi.

Dokta akauliza unyevu wa udongo ulikuwa kiasi gani. Nikasema swali hilo lina harufu ya ukoloni. Akalirudia polepole. Utaratibu akatazama dari.

Hapo mhazini akasimama, kifua mbele, kunitetea. Akasema Dokta asiwe na wasiwasi kuhusu maji, wao waliyashughulikia. Kila kikao, kila komredi aliwamwagia mateka nusu chupa. “Mzee, kwa maneno yale, ningewaachaje wafe na kiu? Mimi mwenyewe sikuoga siku mbili!”

Ukumbi ulicheka hadi bawabu akachungulia.

Dokta alivua miwani. Akasema mmea ulioshiba maji hauna sababu ya kuwasha chochote, na kwamba nilichothibitisha ni kuwa wenzangu wana huruma. Nianze upya, miche mipya. Nafasi ni hii moja. Ikiharibika, mwaka mzima narudia.

Mama amepiga. Maua ameongeza.

Alhamisi, 20 Machi

Nimejitathmini bila huruma. Kosa halikuwa langu. Umma haukuelimishwa!

Utaratibu amenipa kijiti chake cha akiba. Akashauri nifunge mlango, nisiingize mtu, niwe napima udongo kila asubuhi. Nikamshukuru kwa adabu. Lakini kufunga mlango? Kuwaficha wananchi ukweli? Hizo ndizo njia za utawala! Kijiti nimekitumia kushikilia bendera.

Dawa ni kuwaeleza makomredi kwa kina kwa nini mateka lazima waachwe na kiu: jinsi koo la jani linavyokauka, jinsi mzizi unavyopapasa gizani na kukosa. Nimeandika hotuba. Nilipoisoma mwenyewe nilitokwa na machozi.

Tangazo nimelibandika mabweni yote: Kikao kikuu, Jumatatu saa kumi alasiri, banda la kioo, mbele ya miche mipya. Mahudhurio ni lazima. Humo ndani kuna joto kali. Kila komredi aje na chupa yake ya maji, iliyojaa.