Ubeti wa Marehemu Kaka

Jumatatu, 3 Juni
Jumapili kwaya yetu ya mtaa inatimiza miaka hamsini! Tutaimba ule wimbo wetu wa kwanza, ambao ubeti wake wa tatu huimbwa na mtu mmoja. Ulikuwa wa kaka yangu, fundi seremala, mpaka Mungu alipomchukua mwaka jana. Kwetu mwimbaji akifa, ubeti wake hauguswi mwaka mzima. Kinanda hulia peke yake, sisi tunainamisha vichwa. Sasa mwaka umepita na ubeti hauna mwenyewe. Hauna? Na mimi je? Damu nzito kuliko maji!

Mwalimu wa kwaya ametangaza kwamba keshokutwa atawasikiliza wanaoutaka. Kinyozi kanyoosha mkono kabla hajamaliza kusema. Kiherehere.

Jumatano, 5 Juni
Kinyozi kaimba. Mlinzi wa ukumbi kavua kofia. Nikaja mimi, na mayai mabichi na tangawizi tangu alfajiri. Sauti ikatoka kama bawaba yenye kutu. Mwalimu akasema ahsanteni, atafikiri. Najua anafikiri nini.

Lakini mjinga mwache na ujinga wake, nina akili mimi. Atakayevaa joho la kwaya la kaka ndiye mwenye ubeti. Nimekwenda kwa shemeji, mjane wa kaka, nikamwambia joho linataka kuanikwa, litaliwa na wadudu. Akanitazama sana. Akasema nilichukue, ila nisilifue. Sikuuliza kwa nini. Mwenye kupewa haulizi.

Ijumaa, 7 Juni
Kachaguliwa Kinyozi! Nimemfuata kibandani kwake, nikamwambia kwa huzuni kwamba shemeji hataki mtu baki auguse ubeti ule. Uongo mtupu. Nilijiandaa kwa ugomvi. Hakugomba. Aliweka mkasi chini, akasema basi, niimbe mimi, maana kiti kile anachonyolea watu alikichonga kaka, na hakukubali kulipwa. Akaenda mwenyewe kumwambia mwalimu.

Nimekosa raha kidogo. Kidogo tu.

Joho ni refu, kaka alikuwa mtu wa kimo. Nimelikunja pindo kwa pini.

Jumapili, 9 Juni
Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Ubeti wa tatu ukafika, nikapiga hatua mbele, mikono ikateleza yenyewe mifukoni. Humo nikakuta kipande cha penseli ya useremala, kimetafunwa nchani. Kaka alikuwa akitafuna penseli tangu tukiwa watoto, mama akimgombeza. Na joho lilikuwa bado na harufu yake, ya mbao na jasho. Kinanda kikaanza. Nikafungua mdomo.

Hakikutoka kitu.

Kinanda kikaendelea. Nilijaribu tena, wapi! Machozi yakanitoka mbele za watu, mtu mzima mimi. Nilimtaka kaka yangu, basi. Wakati huo ukumbi mzima ulikuwa umeinamisha vichwa, Kinyozi naye kifuani amebana kofia. Walidhani nimeamua kunyamaza kwa heshima ya kaka!

Baadaye shemeji alinishika mikono yote miwili. Akasema wiki nzima hakulala. Hakuwa tayari kusikia sauti nyingine pale, akaona haya kumwambia mtu, na mimi peke yangu nimemjua moyo. Hapo ndipo iliponipasa kusema kweli. Nikafungua mdomo, na safari hii sauti ikatoka vizuri kabisa: "Ndivyo nilivyopanga, shemeji."

Jumatatu, 10 Juni
Kwaya ya mtaa wa pili imetualika! Mwalimu anasema ubeti wa tatu tutanyamaza tena kama jana, watu wameguswa mno. Kinyozi kaja kwa unyenyekevu kuniomba asimame pembeni yangu, tunyamaze pamoja.

Nimemkatalia. Kunyamaza si kufunga mdomo tu, kunataka kipaji, na kipaji kiko kwenye ukoo. Akaniambia anaelewa. Ataelewaje? Anataka kunipindua yule.

Shemeji naye kaulizia joho. Nimemwambia bado linaanikwa. Liko chini ya godoro, na penseli mfukoni mwake. Nimekunywa mayai mabichi, nikasimama mbele ya kioo, nikaanza mazoezi ya kunyamaza.