Malalamiko Kuhusu Nahodha wa "Likizo ya Tanga"

Msambweni, Kwale
Jumamosi

Kwa Mtengenezaji wa filamu ya "Likizo ya Tanga", Nairobi.

Mheshimiwa,

Pokea salamu za heshima kutoka Msambweni, ambako sote hatujambo isipokuwa katika jambo hili ninaloliandika.

Naanza kwa kukiri kitu ambacho sijamwambia mtu yeyote. Filamu yenu ilipoonyeshwa hapa kwetu, watu walidhani imechaguliwa na Mwalimu Rispah, mlezi wa chama cha filamu cha shule yetu. Niliichagua mimi. Mimi ndiye katibu wa chama, na Mwalimu alinipa filamu tatu nichague moja. Sikuichagua yenu kwa sababu ya vichekesho. Niliichagua kwa sababu ya dakika moja, pale ambapo nahodha wenu, ambaye pia ni baba wa watoto watatu, anamwita binti yake aliyekuwa akisoma kitabu, anampa usukani, kisha anakaa kando kumtazama. Nilitaka baba yangu aione dakika hiyo.

Baba yangu anaitwa Swabir Boga. Ana mashua ya tanga, na bandarini hakuna anayebisha kwamba ni nahodha mzuri. Mimi nina miaka kumi na sita na sijawahi kuipanda mashua hiyo. Mdogo wangu wa kiume, Sanga, ana miaka kumi na miwili na husafiri nayo kila likizo. Kwa kuwa naona haya kusema mambo ana kwa ana, nilimwandikia Baba barua fupi ya ombi, nikaiacha kwenye kiti chake. Alinijibu wakati wa chakula bila kuinua macho: "Nitafikiri." Hiyo ilikuwa kabla ya filamu yenu. Baada ya filamu yenu alisema: "Nimefikiri."

Naamini, Mheshimiwa, umeanza kuiona hasara niliyoipata.

Ni haki ujue pia mazingira. Filamu ilionyeshwa bandarini, kwenye ukuta wa banda la samaki, ambao tuliupaka chokaa kwa ajili hiyo. Wanaume walikaa mbele, akina mama nyuma. Mtandaoni nilikuwa nimesoma kwamba watazamaji wa Nairobi wameipa filamu hii nyota nne na nusu, na mmoja wao ameandika kwamba alicheka hadi akamwaga chai. Kwetu hakuna chai iliyomwagika. Malalamiko yangu ni haya:

1. Filamu inasema familia inasafiri kutoka Diani hadi Zanzibar. Lakini mashua inaondoka ufukwe wa Galu, hapo hapo Diani, inapigwa na dhoruba usiku kucha, na asubuhi inafika Galu. Mnazi uliopinda tuliujua, na paa la hoteli tulilijua. Mtu mmoja wa mbele akasema, "Wamerudi." Mwenzake akasema, "Afadhali." Watu walifurahi kwa dhati kwamba familia imerudi salama, wakaanza kukung'uta mchanga ili waende makwao. Ilibidi Mwalimu Rispah asimame awaeleze kwamba pale ni Zanzibar. Walikaa tena kwa heshima yake, si kwa kuamini.

Tena nyumba ya wageni ya Zanzibar ilipoonekana, shangazi yangu Sidi, ambaye hufua katika nyumba za wageni kule Tiwi, alisema kwa sauti, "Hayo mashuka nimeyaanika mimi." Tangu hapo akina mama hawakuifuata hadithi. Walitazama mashuka. Mama akamuuliza mbona moja lina doa. Sidi akasema kile ni kivuli. "Kivuli chenye rangi ya mchuzi, wifi?" Nahodha wenu wakati huo alikuwa anazama, na nyuma hakuna aliyejua.

2. Tanga limejaa upepo kuelekea kulia, na mtandio wa mama unapepea kuelekea kushoto. Huenda kwenu hilo ni dogo. Kwetu wanaume wote walisema "Ah" kwa pamoja, kama watu waliomwona daktari akikishika kisu upande wa makali.

3. Mtoto mdogo anavua samaki, naye ni changu. Nahodha anapomwinua samaki huyo juu, amekuwa tewa. Mezani ni nguru. Watu hawakukasirika. Walijadiliana kwa utulivu kama jambo hilo linawezekana, na jibu likawa hapana.

4. Sasa nafika kwenye dakika yangu. Binti amekaa ukingoni, miguu inaning'inia nje, kitabu mkononi. Baba yake anamwita, anampa usukani, anamtazama. Mama anawatazama wote wawili, na wadogo wanamtazama mama. Mimi nilikuwa nimechagua mahali pa kukaa ninapoweza kumwona Baba usoni. Nilitarajia uso wake ulegee. Badala yake aliuliza kwa sauti iliyosikika bandari nzima, "Nani anatazama mbele?"

Nimeirudia dakika hiyo mara kadhaa kwenye kompyuta ya shule. Ni kweli, Mheshimiwa. Hakuna. Wako watu watano katika mashua, na wote wanatazamana kwa upendo.

5. Nahodha anafunga kamba ya nanga kwenye mguu wa kiti cha plastiki, anatupa nanga, na kiti kinakwenda nayo. Nadhani hapa ndipo yule mtu wa Nairobi alipomwaga chai. Mzee Tsofa, mwenyekiti wa kamati ya bandari, alisema "Inna lillahi" kwa sauti ya chini, na wachache wakamwitikia.

6. Hili la sita linahitaji maelezo, kwa maana huenda kwenu hamna desturi hii. Kwetu mashua ikipata ajali, watu hukaa bandarini siku hiyo hiyo. Kila aliyeona husema alichokiona, kamati husikiliza, kisha huamua kama nahodha ataendelea kubeba watu au atakaa pwani kwa muda. Filamu yenu ilipokwisha, Mwalimu Rispah alizima mashine na kusema asanteni. Hakuna aliyeinuka. Watu waligeuka, wakamtazama Mzee Tsofa, na Mzee Tsofa akauliza, "Huyu nahodha ni wa bandari gani?"

Mwalimu Rispah, ambaye kwao ni bara, akacheka kidogo akasema, "Lakini Mzee, hii ni movie tu, jameni."

Mzee Tsofa akamjibu kwa upole, "Mwalimu, mle ndani ya mashua mlikuwa na watoto watatu."

Mwalimu akakaa.

Kesi ilisikilizwa kwa utaratibu. Walitoa ushahidi watu wa tanga, watu wa nanga, na mtu mmoja aliyelala filamu nzima lakini akaamka kwenye dhoruba. Hukumu ni kwamba nahodha wenu amezuiwa kushusha mashua katika bandari yoyote kuanzia Tiwi hadi Vanga, mpaka aje mwenyewe kujieleza. Mama yangu, Mbodze, alipinga kutoka nyuma. Alisema yule mke aliuliza mara mbili kama kuna maji ya kunywa na hakuna aliyemjibu, sasa kwa nini naye afungiwe. Kamati iliona ana hoja. Mke na watoto wanaruhusiwa kufika Msambweni wakati wowote, ilimradi waje kwa barabara.

7. Tulipokuwa tukirudi nyumbani, Baba alisema lile neno moja, "Nimefikiri." Baada ya hatua chache akaongeza, "Umeona mwenyewe. Mtu akiwa na familia ndani ya mashua, hawi nahodha tena, anakuwa baba tu." Nilitaka kumtaja Sanga, lakini hata hilo lisingemshinda Baba. Ushahidi wote ulikuwa upande wake, na nilikuwa nimeuleta mimi.

Mheshimiwa, sikuandika ili kulaumu tu. Hasara hii inarekebishika, na naomba mfanye yafuatayo:

Kwanza, mniandikie barua yenye muhuri wa kampuni inayosema kwamba nahodha wenu amevuliwa cheo, na kwamba makosa yake ni yake binafsi, hayatokani na kuwa na familia. Muhuri ni muhimu. Baba husoma muhuri kabla ya barua.

Pili, katika sehemu ya pili ya filamu, nahodha awe mama. Akina mama wa hapa wameshakubali. Wanaume wamesema hawapingi, kwa kuwa hawezi kuwa mbaya kuliko aliyetangulia.

Tatu, mwigizaji wa nahodha aje Msambweni ajieleze mbele ya kamati, kisha abaki miezi sita ajifunze. Atakaa kwetu. Mama amekubali, na atalala chumba cha Sanga. Sanga hajaulizwa. Tafadhali mwambie aje kwa barabara kwa sababu ya ile hukumu, na kwamba kwetu tunaamka kabla ya alfajiri na hatutakuwa na la kumfanyia kama hapendi hivyo. Akirudi Nairobi akiwa nahodha kweli, mpige filamu yote upya naye, na safari hii Zanzibar iwe Zanzibar.

Nne, jina la shangazi Sidi liandikwe mwishoni mwa filamu, pale penye majina ya watu. Anaomba mashuka yenyewe yasitajwe, kwa sababu ya kile kivuli.

Tano, na hili ndilo kubwa. Ile dakika msiifute. Wengine wamependekeza ifutwe, lakini mimi nasihi ibaki kama ilivyo, na aongezwe mtu mmoja tu wa kutazama mbele. Anaweza kuwa mtu yeyote. Anaweza hata kuwa mzee asiyesema kitu. Nikiwa na nakala hiyo, nitamwomba Mwalimu Rispah aionyeshe tena kwenye ukuta ule ule, dakika hiyo peke yake, na Baba hatakuwa na swali la kuuliza.

Nisalimie mpiga picha, na aliyeshona tanga, kwa maana tanga lenyewe lilisifiwa. Nisalimie yule binti aliyeigiza. Mwambie hakufanya kosa lolote na kwamba kitabu chake nilijaribu kukisoma jina lakini sikuliona vizuri. Nisalimie pia yule wa Nairobi aliyemwaga chai, kama mnamjua. Mwalimu Rispah, Mama, Sidi na Sanga wanakusalimu. Mzee Tsofa anasema salamu zake atazitoa nahodha akifika.

Nabaki mwenye huzuni na heshima,

Fauzia Swabir
Kidato cha Tatu
Katibu, Chama cha Filamu

Nyongeza, Jumapili alasiri:

Jana kabla ya kuifunga barua hii nilimpa Baba aisome, si kwa ajili ya mambo yangu bali kwa mambo ya bahari, maana sikutaka kumshtaki mtu kwa kosa ambalo si kosa. Nilikwenda kujificha jikoni. Aliisoma yote, akaniita. Mambo yangu aliyaruka. Alisema nimeacha kosa kubwa kuliko yote. Nahodha wenu ameizungusha kamba ya tanga kwenye kifundo cha mkono, na upepo ukigeuka, mtu wa namna hiyo hupoteza mkono. Akaniuliza imekuwaje nisilione. Nikamwambia nililiona, ila sikujua ni kosa, kwa sababu sijui kamba ya tanga huvuta vipi.

Aliikunja barua, akanirudishia.

Leo alfajiri Mama alikuja kuniamsha akiwa anacheka kimya kimya. "Amka, nahodha anakungoja."

Kamba ya tanga huvuta kama mbuzi asiyekujua. Baba aliniwekea mkononi, akanionyesha jinsi ya kuishika, kisha akaanza kunieleza makosa ya nahodha wenu, moja baada ya jingine. Baba si mtu wa maneno mengi, na maishani mwangu sijawahi kumsikia akisema maneno yote yale. Alikuwa amenigeukia kabisa ili nielewe vizuri, nami nilikuwa nimemgeukia yeye ili asiache kusema. Tulikuwa tumefika kwenye kosa la nne mashua ilipokwama juu ya fungu la mchanga. Maji yalikuwa yanakupwa. Fungu hilo liko mbele ya bandari na halijahama tangu babu zetu, na kila mtu aliyekuwa pwani alituona vizuri, kamati ikiwa miongoni mwao.

Tulikaa pale tukingoja maji yarudi. Baba alitazama pwani, akanitazama mimi, akaendelea na kosa la tano.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, naondoa malalamiko yangu yote, isipokuwa lile la samaki. Maombi yangu pia nayafuta. Yule bwana asije, kwa kuwa Baba anasema hataweza kumtazama usoni. Kamati imekaa mchana huu. Imeona kwamba kwa kuwa kosa ni moja, ama manahodha wote wawili wafungiwe au wote wawili waachiliwe. Wameachiliwa wote. Baba alishukuru kwa niaba ya nahodha wenu pia.

Barua nimeamua kuituma kama ilivyo, kwa sababu niliiandika kwa uangalifu.

Maji yalipojaa nilishuka, yakanifika kiunoni, nikasukuma upande mmoja na Baba upande wa pili. Mashua ilipoelea nilipanda, nikaishika kamba, tukarudi pwani. Nyumbani nilifua suruali iliyoloa nikaianika, maana Jumamosi Baba anakwenda kisiwa cha Funzi, na amesema nafasi ipo.